Lango la Tendo: Roboti Inavyosaidia Kuuelewa Ugonjwa wa Parkinson

Katika kata ya Nyabiyonza, wilayani Karagwe, mzee anayechelewa kuinuka kitini, anayeburuta miguu akienda mgombani na ambaye uso wake umepoteza bashasha, huenda akaambiwa kuwa huo ni uzee tu, au kwamba amerogwa. Huenda pia akadhaniwa kuwa mvivu. Hata hivyo, misuli yake inaweza kuwa na nguvu za kutosha, na hitilafu ikawa katika ubongo, mahali ambapo tendo huchaguliwa kabla ya kutendwa.

Mtu aliyeketi barazani anaweza kuinuka, kunyoosha mkono achukue kikombe, au kugeuka amtazame mgeni. Kwa kuwa viungo ni vilevile, ubongo hauna budi kuchagua tendo moja na kuyazuia mengine. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na ganglia za msingi, yaani mafungu ya chembe za neva yaliyo ndani kabisa ya ubongo. Mafungu hayo ni mithili ya bawabu: huyafunga malango yote, kisha hulifungua lile tu la tendo lenye msukumo mkubwa kuliko mengine. Kemikali iitwayo dopamini ndiyo inayorahisisha ufunguzi huo. Katika ugonjwa wa Parkinson, chembe zinazoitengeneza hufa polepole.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliligeuza wazo hilo kuwa hesabu za kompyuta. Walichapisha kielelezo chao mwaka 2001, na mwaka 2006 wakaeleza jinsi kilivyoongoza roboti ndogo ya magurudumu. Roboti hiyo ilitafuta ukuta, ikaufuata, ikaokota silinda na kuipeleka pembeni, tendo moja baada ya jingine. Kiwango cha dopamini katika hesabu hizo kiliposhushwa mno, magurudumu yalibaki mazima, lakini uchaguzi wa tendo ulichelewa au ulishindikana.

Kielelezo si ubongo, wala hakimpimi mgonjwa. Faida yake ni kuonyesha kwamba mwili unaoweza kutenda unaweza kukwama kwa kukosa kufunguliwa lango. Mgonjwa wa namna hiyo hahitaji kukaripiwa. Wagonjwa wengi waliokwama husaidiwa na ishara ya nje, kama mistari iliyochorwa sakafuni au kuhesabu hatua kwa sauti.

Nchini Tanzania, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 miongoni mwa watu zaidi ya 160,000. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa kuwa na ugonjwa huo.

Mhudumu wa afya achunguze kwanza wepesi wa mwendo: amwombe mgonjwa agonganishe kidole gumba na cha shahada mara nyingi, aone kama mwendo unapungua kasi na ukubwa. Aangalie pia ukakamavu wa viungo na kutetemeka kwa mkono uliopumzika, akikumbuka kwamba si kila mgonjwa hutetemeka. Aulize dawa zinazotumika, kwa kuwa haloperidoli, klopromazini na metoklopramidi zinaweza kuleta dalili zilezile. Dawa hizo zisiachwe bila ushauri wa daktari. Mwenye dalili apewe rufaa.

Matibabu yapo. Levodopa, ambayo hutolewa pamoja na kabidopa, hugeuzwa kuwa dopamini ndani ya ubongo. Haiponyi ugonjwa, lakini hurejesha mwendo kwa kiasi kikubwa. Inafaa kumezwa nusu saa hivi kabla ya chakula, kwa sababu protini, ikiwemo ya maharage, huweza kupunguza ufyonzwaji wake. Isikatizwe ghafla, kwani kufanya hivyo kunaweza kuhatarisha maisha.

Familia inayolijua jambo hili humpa mzee muda wa kuinuka, na kumfikisha kituo cha afya kabla hajaanza kuanguka.