Utitiri wa Muhogo na Namna ya Kuushinda

Hapa kwetu Magu pamba hutupatia fedha, lakini mvua zikikatika ni muhogo utupatiao chakula. Kwa hiyo mtu akiona shamba lake la muhogo linageuka rangi hapati usingizi. Jambo hilo lilimpata Babu yangu mwezi wa Septemba mwaka jana, nami nataka kuwaeleza tuliyojifunza.

Nilipofika nyumbani kwa likizo fupi, nilikuta majani ya juu ya mihogo yamekuwa madogo, yamekunjamana, tena yana vidoadoa vya manjano kana kwamba yamechomwa na ncha ya sindano. Katika mimea mingine majani ya juu yalikuwa yamepukutika, shina limebaki wima kama kinara cha mshumaa. Babu alisema ni batobato, akaenda kutafuta dawa ya pamba iliyosalia ili apulize. Nikamsihi, "Babu, tafadhali tungoje mpaka kesho, tumwulize Bwana Shamba." Akakubali kwa shingo upande.

Bwana Shamba alipokuja hakujishughulisha na upande wa juu wa jani. Aligeuza upande wa chini, akanipa kioo cha kukuzia. Lo! Niliona vidudu vya kijani vikitambaa polepole, na mayai yao kando. Huo ndio utitiri wa kijani wa muhogo. Wadudu halisi wana miguu sita, bali utitiri ukikomaa una minane, kwa kuwa ni wa ukoo wa buibui na kupe. Urefu wake hautimii nusu milimita. Hufyonza maji ya majani machanga, na kila unapofyonza huacha kidoa. Wakati wa joto, yai huwa mzazi kwa muda wa wiki mbili hivi. Ndiyo maana kiangazi huongezeka upesi mno. Mvua kubwa huuosha majanini na kuupunguza.

Adui huyu ni mgeni. Muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, nao utitiri ukabaki kwao. Ulionekana Afrika kwa mara ya kwanza nchini Uganda mwaka 1971. Kutoka huko ukachukuliwa na upepo, na kwa vipande vya kupandia walivyopeana watu, hata ukaenea katika nchi nyingi zilimazo muhogo.

Yafaa tuutofautishe na batobato. Batobato huletwa na virusi, na mabaka yake ni mapana; mmea uliougua hubaki na ugonjwa hata mvua zikinyesha. Vidoa vya utitiri ni vidogo sana, na mvua zikirudi mmea huchipua majani mazuri.

Bwana Shamba alitufundisha kukagua hivi. Kata shamba kutoka pembe hadi pembe, usichague mimea ya kando tu. Simama kwenye mimea 20. Kwa kila mmoja, tazama chini ya majani machanga yaliyokwisha kukunjuka, kisha upe alama: 1 ni mmea usio na dalili, na 5 ni ule uliobaki kinara. Andika katika daftari, na urudie kila baada ya wiki mbili. Shamba la Babu lilikuwa na mimea mingi ya alama 4.

Babu akauliza, "Sasa kwa nini nisipulize dawa?" Bwana Shamba akafunua kilele cha mmea mmoja, akatuonyesha vidudu viwili vyenye mbio, miili yao iking'aa kama tone la maji. Hao nao ni jamii ya utitiri, lakini hula utitiri wenzao. Dawa ya pamba huua walaji hao, na adui akisalia huongezeka pasipo mtu wa kumzuia. Zaidi ya hayo, majani ya muhogo ni kisamvu chetu. Nani atakula kisamvu chenye sumu?

Wataalamu walitumia hila hiyo hiyo. Katika miaka ya 1980 walileta Afrika walaji kutoka Kolombia, wakashindwa kustawi. Ndipo wakatafuta Brazili, mahali ambapo hali ya hewa inafanana zaidi na ya mashamba yetu. Mmoja wa walaji hao aliachiliwa nchini Benin mwaka 1993. Mchana hujificha katika kilele cha muhogo, na usiku hushuka majanini kuwinda. Alienea katika nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo. Huko Ulaya na Marekani pia, wakulima wa matunda ya stroberi hukagua majani kwa kioo namna hiyo, kisha huachilia utitiri mlaji badala ya kutegemea dawa peke yake.

Basi, wenzangu, tufanye nini? Tupande mvua zinapoanza, ili kiangazi kikute mimea ina nguvu. Tukate vipande vya kupandia katika mashina yaliyokomaa na yenye afya, visivyo na majani wala vilele. Tuchague mbegu zenye vilele vyenye manyoya, kwani walaji hupenda kukaa humo. Tena anayechuma kisamvu asimalize vilele vyote, maana ndiyo nyumba ya askari wetu.

Babu hakupuliza. Mdogo wangu aliendelea kuandika alama baada ya mimi kurudi shuleni, na niliporudi nyumbani Desemba nilikuta mvua zimenyesha na mimea mingi imeshuka hadi alama 2. Hata hivyo mizizi ilikuwa midogo kuliko ya mwaka uliotangulia, hasara tuliipata. Lakini mwaka huu daftari lilianza mwezi wa Mei, nalo analishika Babu mwenyewe.