Elimu ya Jembe: Darasa Chini ya Mwembe, Kakuyuni

Wazee wetu husema kwamba elimu bila amali ni kama mti usiozaa. Maneno haya tumeyasikia vyuoni tangu tungali wadogo, na wengi wetu tumekua nayo ulimini pasi na kuyateremsha mikononi. Mimi ni mmoja wao. Naijua bei ya pishi ya kunde lakini siujui mwezi wa kuipanda. Naujua mkaa mzuri na mkaa mbaya, lakini sijauliza hata siku moja ni mti gani ulioangushwa ili chai yangu ichemke.

Basi yuko mama mmoja wa Kigiriama ambaye kwa miaka hutuletea mlangoni kwetu, hapa Malindi, maembe, muhogo na mchicha. Siku moja aliniambia, "Bwana, Jumamosi usiningoje. Tuna darasa."

Nikamwuliza, "Darasa la nini, mama? La kusoma na kuandika?"

Akacheka. "La kusoma udongo. Njoo uone, lakini usije na viatu vizuri."

Nami nikafunga safari. Ukitoka Malindi kwa njia iendayo Sala, lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, unapita Ganda, minazi inaanza kupungua, na upepo wa bahari unakuacha kidogo kidogo. Ndipo ufikapo Kakuyuni. Sikio la Mswahili husikia mkuyu ndani ya jina hilo, nao mkuyu ni mti upendao maji. Lakini siku niliyofika mimi, vumbi lilikuwa limetanda hata juu ya majani ya mihogo.

Darasa lenyewe lilikuwa chini ya mwembe. Hapakuwa na viti wala ubao. Walikuwapo watu wapatao thelathini, wengi wao wanawake, na kila mmoja amekuja na jembe lake. Mwalimu alikuwa mkulima wa papo hapo, mama wa makamo, leso kaifunga kiunoni. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Bismillahi kwa anayesema Bismillahi, na anayesali kwa namna yake asali," kisha akapiga jembe chini.

Somo la kwanza lilikuwa shimo. Upana wake shibiri mbili, kina chake shibiri moja, na udongo unaotolewa unawekwa upande wa chini wa mteremko kama ukuta mdogo. Ndani yake hutiwa samadi ya mbuzi na majani makavu, kisha shimo hungoja mvua. Mvua inyeshapo juu ya ardhi iliyokauka na kushikana, maji hupita mbio kama mtu aliyefukuzwa, na huondoka na udongo mwema. Lakini yakikuta mashimo, hutua. Mchwa nao huja kula samadi, na katika kula kwao huchimba njia ndogo ndogo ambazo maji hushukia. Mchwa tumtukanaye siku zote, hapa ni kibarua asiyedai ujira!

Mwalimu alituambia kuwa ujuzi huu umetoka Afrika Magharibi. Nami nilipouchunguza baadaye, nilikuta habari inayostahili kusimuliwa. Kule Burkina Faso, katika jimbo la Yatenga, alikuwako mkulima aitwaye Yacouba Sawadogo, Mwislamu ambaye utotoni alipelekwa chuo cha Kurani katika nchi ya Mali. Ukame ulipowahamisha majirani zake, yeye alibaki. Karibu na mwaka 1980 aliushika ufundi wa kale wa mashimo, unaoitwa zai, akaupanua: akachimba wakati wa kiangazi kabla ya mvua, akatia samadi, akaiacha na miti iote humo pamoja na mtama. Watu walimwita mwendawazimu. Miaka ikapita, na penye jangwa pakawa msitu. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden, na alifariki Desemba 2023. Lakini lililonigusa mimi si tuzo. Ni kwamba aliwaita wakulima wenziwe shambani kwake, wakaja na mbegu zao, wakabadilishana, wakaona kwa macho na kushika kwa mikono. Darasa lake lilikuwa kama hili la Kakuyuni.

Hata hivyo msidhani kila mtu chini ya mwembe ule alikuwa ameridhika. Mzee mmoja aliyekaa kando na bakora yake alinyanyua sauti.

"Mama," alisema, "mimi nimeona semina nyingi. Wanakuja na gari, wanatupa fulana na kofia na soda, tunatia sahihi, wanatupiga picha, wanaondoka. Fulana imechakaa na njaa iko pale pale. Hapa leo hata soda hakuna. Na shimo hili ni kazi ya punda. Nani atachimba mia tano?"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikuwa cha dharau, maana mzee alisema kweli mbili. Kweli ya kwanza ni ya historia. Ng'ambo ya mto Sabaki, huko Magarini, katika miaka ya 1970 na 1980 palikuwa na mradi mkubwa wa kuwagawia watu ardhi na kuwafundisha kilimo cha nchi kavu, kwa msaada wa serikali ya Australia. Wataalamu walikuja, mashine zikafyeka vichaka, mashamba yakapimwa. Mradi ukafungwa bila ya kutimiza ulichokusudia, na mwaka 1991 kikachapishwa kitabu kizima cha kueleza jinsi nia njema ilivyopotea njia. Mgeni alileta jibu kabla hajauliza swali.

Kweli ya pili ni ya mgongo. Kuchimba mashimo hayo ni kazi nzito, hasa kwa mjane au kwa mama ambaye mumewe yuko Mombasa akitafuta kibarua. Mwalimu hakumbishia mzee. Alimwuliza tu, "Baba, zamani mlilimaje mashamba makubwa?"

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa neno moja: "Mweria."

Mweria ndiyo kazi ya pamoja ya Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda: leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba huwapikia wenziwe. Sisi Waswahili tuna kikoa chetu, nacho ni mamoja. Pale pale wakajigawa makundi ya watu sita sita, kila kundi likapanga zamu, na shamba la kwanza likawa la mjane aliye mbali zaidi. Mzee naye akatiwa katika kundi, si kwa kuchimba, bali kwa kupima mstari kwa kamba ili mashimo yafuate mteremko. Nikaona akiinuka. Bakora aliiacha mwembeni.

Baada ya jua kupinduka, na waliokwenda kusali wamerudi, somo likahamia nyumba ya jirani. Mwalimu sasa alikuwa bibi kizee ambaye wote walimwita hawe, yaani nyanya. Yeye alifundisha akiba ya mahindi. Katika nyumba yake ya makuti, juu ya mafiga, mna uchaga, dari ya miti ambayo mahindi huwekwa yakiwa na maganda yake, na moshi wa kila siku huyakausha na kuwafukuza wadudu. Vijana wengi waliokuwapo wanajenga nyumba za bati na jiko liko nje. Uchaga umetoweka, na mahindi yao wanayatia guniani yakiwa bado na umande. Kisha dumuzi huingia. Mdudu huyo si mwenyeji wetu: alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, halafu akavuka mpaka kuingia Kenya kwa upande wa Taveta. Gunia zima huligeuza unga wa vumbi.

Hasara ya dumuzi huonekana. Ya ukungu haionekani. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hushika ukungu, na ukungu huo hutoa sumu. Mwaka 2004, hasa huko Ukambani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao wakafa. Hao ni watu waliouawa na chakula cha nyumbani mwao.

Hawe hakuwaambia vijana wabomoe nyumba za bati. Alitoa chupa kavu ya kioo, akatia gao la mahindi na chumvi kavu kidogo, akaifunga, akaitikisa kwa muda, akaiacha itulie. "Tazameni kioo," akasema. "Chumvi ikishika kioo, mahindi yana maji, yarudisheni juani. Chumvi ikianguka yote chini, tieni guniani." Akampa chupa kijana mmoja ajaribu, kisha mwingine, mpaka wote wakaitikisa. Chupa, chumvi, na mkono: hakuna fundi wa kutumwa Nairobi.

Nikamwuliza, "Hawe, nani alikufundisha chupa?"

Akanijibu, "Uchaga nilifundishwa na mama yangu. Chupa nimefundishwa na mjukuu wangu, mwaka juzi. Mtu mzima haoni haya kujifunza, mwanangu. Haya ni kulala njaa."

Somo la mwisho lilikuwa maji. Paa la bati la mita sita kwa nane, mvua ya milimita ishirini ikinyesha juu yake, hupokea lita mia tisa na sitini. Hata ukitoa inayomwagika, unabaki na madumu ya lita ishirini yapatayo arobaini kwa mvua moja tu. Mlizamu uwe na mteremko, maji ya kwanza yaoshayo vumbi na kinyesi cha ndege yaachwe yapite, na tangi lifunikwe mbu wasizaliane. Nilipoisikia hesabu hiyo niliwakumbuka wazee wetu wa miji ya pwani na mabirika yao ya mawe. Na sisi Waislamu tumefundishwa tusifanye israfu ya maji hata tukitawadha penye mto utiririkao. Je, hayo ya paa tunayoyaacha yaende barabarani?

Si mbali na Kakuyuni yako magofu ya Gede, mji wa Waislamu wenzetu uliokuwa na msikiti mkuu, majumba ya mawe, visima na mifereji. Bwana James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wake waliuhama katika karne ya 17. Wataalamu wanataja sababu kadhaa: vita, uvamizi, na maji ya visima kushuka chini. Wageni huenda kustaajabia kuta zake. Mimi safari hii nilipopita nilitazama kisima.

Huenda msomaji wa mjini akauliza, haya yanamhusu nini? Yanamhusu sana. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu kubwa za nchi yetu, na kaunti ya Kilifi ilikuwamo. Kisha mwaka 2023, mwezi wa Novemba, zikaja mvua za El Niño kwa mafuriko, na Sabaki ukafurika. Ardhi isiyo na mashimo wala miti hupata hasara mara mbili: kwa jua na kwa maji. Na mkulima aliyekosa mavuno hana budi kushika shoka. Hukata mti, huchoma mkaa, huuleta mjini, nasi huununua. Mkaa wa leo ni mvua iliyopungua kesho, na sisi wanunuzi tumo katika hesabu hiyo.

Tena tusisahau kuwa bara na pwani ni nyumba moja yenye milango miwili. Kabla ya Mwingereza kuwapiga vita mwaka 1914 na kuwahamisha kutoka ng'ambo ya Sabaki, nafaka ya Wagiriama ilishuka hadi Takaungu, Malindi na Mambrui, na majahazi yakaichukua. Wao walilima, sisi tukauza na kula. Wakilala njaa wao, nasi jikoni kwetu hapana kitu.

Nilirudi mjini jioni, kiganja changu kina lengelenge mbili, maana sikuachwa nikae na daftari tu. Nilichimba mashimo manne. Mzee wa kamba aliyapima, akatikisa kichwa, akaniamuru nilirudie moja.

Usiku huo nilichukua chupa, nikatia chumvi na mahindi kutoka gunia tulilolinunua dukani wiki ile. Mke wangu akanitazama kwa mshangao. Nikatikisa, nikaiacha, nikasogeza taa. Chumvi ilikuwa imeshika kioo kote, kama umande.

Asubuhi tulitandika jamvi juu ya sakafu ya dari, tukayaanika mahindi, na watoto wakawekwa zamu kuwafukuza kunguru. Jirani yangu wa upande wa pili akaniita kwa sauti, akitaka kujua nimekuwa mkulima tangu lini. Nilimjibu ashuke aje na chupa yake. Alikuja, na mahindi yake pia yakashika chumvi. Sasa nasi wa mtaa huu tuna darasa letu dogo, na Jumamosi ijayo, inshallah, tutatazama milizamu.