Maji ya hori yanapimwaje?

Watu wengi hudhani kwamba maji ya hori yakiwa maangavu, basi ni salama. Sivyo. Viini vya kinyesi havionekani kwa macho.

Huko Makupa, kati ya kisiwa cha Mombasa na Changamwe, tuta la barabara lilizuia maji kupita kwa miaka mingi, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka wa 2022. Jaa la Kibarani, ukingoni mwa hori hiyo, lilifungwa mwaka wa 2018. Hata hivyo mvua ingali inashuka na uchafu wa vyoo kutoka mitaani, na Mto Mwache humwaga tope lake Port Reitz, nyuma ya bandari ya Kilindini.

Mpimaji hutumia chupa safi isiyo na viini, kisha huiweka katika barafu, mbali na jua. Jua huua viini na kumdanganya. Maabarani viini huachwa vikue kwa takriban saa 24 katika joto la nyuzi 44, ndipo vihesabiwe katika kila mililita 100. Yaani jibu la leo ni habari za jana, na mtoto ameshaoga! Kwa hivyo angalia mvua na maji: yakipwa baada ya mvua kubwa huwa machafu zaidi, kwani bahari haijayachanganya.

Chaza huchuja maji na kukusanya viini mwilini. Wachemshe vizuri. Lakini risasi haiondoki kwa kuchemsha, wala kipimo hiki hakiioni. Hiyo hutafutwa kwenye tope kwa kipimo kingine.