Nasaba ya Perege na Maji ya Shari

Asimamaye kando ya mto Shari, karibu na Bunia, yupo mahali ambapo maji makuu mawili ya Afrika yanakaribiana pasipo kuonana: ya miguuni pake hushuka magharibi hadi Ituri, na kwa njia ya Aruwimi huingia mto Kongo, ilhali ziwa Albert, lililo bondeni mashariki, umbali wa kilomita 30 hivi, ni la Nile. Perege wa Nile, ambaye wengi wetu twamwita tilapia, ni mwenyeji wa ziwa hilo tangu dahari, wala si mwenyeji wa mito ya msitu wa Ituri.

Nalitanguliza hili kwa kuwa ufugaji wa samaki, ambao twauona kuwa kazi ya jembe, samadi na pumba, ni kazi ya nasaba pia. Perege huzaa angali mdogo, bwawa likajaa vifaranga na ndugu wakazaana. Na mfugaji ambaye, kwa dhiki ya fedha, huwauza wakubwa sokoni na kuwarudisha wadogo majini wawe mbegu, huwa anachagua, mavuno baada ya mavuno, kinyume kabisa cha atakacho, mithili ya mwenye ng'ombe amchinjaye fahali bora wa zizi na kumwachia dhaifu mitamba yote.

Kuligeuza jambo hilo ndiyo kazi iliyoanzwa Ufilipino mwaka 1988, katika mradi uitwao GIFT. Samaki wa mwituni walichukuliwa Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakachanganywa na waliofugwa Asia, wakatiwa alama na kupimwa ukoo kwa ukoo, na waliokua upesi ndio waliopewa kuzaa, hata ukuaji ukapanda kwa asilimia 10 hadi 15 kila kizazi. Hapakupandikizwa jeni ngeni. Palichaguliwa wazazi tu. Mwaka 2014 ikatangazwa jenomu ya perege huyo, yaani maandiko ya urithi wake. Manufaa ya elimu hiyo yamedhihirika kwa samoni wa Norway na Uskochi: sehemu moja ya jenomu ndiyo iamuayo, kwa kiasi kikubwa, nani atahimili maradhi ya IPN, hata kipande cha pezi chatosha kumtambua mzazi mwenye kinga.

Hata hivyo, sipendi mbegu ya mbali iletwe kwa pupa. Ile ya GIFT ilichaguliwa katika maji ya uvuguvugu, na Bunia iko mita 1,275 hivi juu ya bahari, ambako baridi humpunguzia perege hamu ya kula. Aliyeshinda kule si lazima ashinde hapa. Tena mabwawa hufurika, na samaki wageni wakatorokea kwa wenyeji. Perege wa Nile alipotiwa ziwa Victoria katika miaka ya 1950, ngege na mbiru, wenyeji wa ziwa, walisongwa naye, na sangara, na uvuvi wa kupindukia, hata wakakaribia kutoweka. Na Tanzania vipimo vya vinasaba vimefichua machotara wa wageni na wenyeji.

Rai yangu ni kwamba wazazi watafutwe kwa wavuvi wa Kasenyi na Tchomia, kando ya ziwa Albert, wachaguliwe humuhumu uwandani, kizazi baada ya kizazi, na kila bwawa liwe na daftari lionyeshalo mbegu ilitoka kwa nani na lini, na wavu wa matundu madogo penye mfereji wa kutolea maji. Kwani kifaranga apenyaye hapo usiku wa mvua huwa ameishika njia ya Ituri.