Rutuba na Unyevu: Uhamaji wa Maana na Ushahidi wa Milima ya Uluguru

Kwa mzungumzaji wa leo, rutuba ni uwezo wa ardhi kuzalisha. Asili yake, hata hivyo, ni unyevu. Katika Kiarabu neno hili limetokana na mzizi r-ṭ-b, unaozaa pia rutab, yaani tende zilizoiva na kulainika kabla ya kukaushwa. Mzizi huo usichanganywe na r-t-b wa ratiba na ratibu. Kiswahili hakitofautishi t hizo mbili, hivyo maneno yasiyo na udugu yamefanana sura. Tiba ya kale ya Waarabu, iliyorithi mafundisho ya Wagiriki, ilipanga miili na vyakula kwa sifa nne, ambazo Kiswahili kinazo zote: harara, baridi, rutuba na yabisi. Baridi yabisi imebaki kuwa jina la ugonjwa. Rutuba ilihamia shambani.

Uhamaji huo unaeleweka: pale ambapo maji ndiyo yanayokosekana, udongo wenye majimaji ndio unaozaa. Nafasi iliyoachwa ilishikwa na unyevu, neno la Kibantu linalohusiana na kitenzi nya. (Kwa kuwa nya hutaja pia haja kubwa, usemi wa staha hupendelea mvua “inyeshe”.)

Uluguru ndiko maana hizo mbili zinakoachana waziwazi. Pepo za Bahari ya Hindi huangusha mvua nyingi kwenye miteremko ya mashariki, ilhali mji wa Morogoro, ulio upande wa pili, hupata kidogo zaidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Uchimbaji huo ulifukia udongo mzuri wa juu na kuibua wa chini usiofaa kwa mazao. Upinzani ukalipuka Matombo mwaka 1955. Mteremko ulikuwa na rutuba kwa maana ya Kiarabu, lakini matuta hayakuwa nayo kwa maana ya Kiswahili cha leo.

Kamusi zinazotaja maana zote mbili bila kuzipanga kwa umri humwacha msomaji pabaya. Akikuta “nyumba yenye rutuba” katika maandishi ya kale, atashangaa nyumba inazaa nini, kumbe kuta zake zilikuwa chepechepe.