Ugwe wa Mgongo na Chembe za Kupandikizwa



Kila msimu wa karafuu humkumbuka mchumaji aliyeteleza tawini akaanguka, na tangu siku hiyo miguu yake haikumtii tena. Balaa hili si letu peke yetu. Wakulima wenzetu wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, wana miti mifupi kuliko mikarafuu, lakini huko nako mtu huanguka mtini au kwenye pikipiki akapooza. Kutoka hospitali ya Nyakahanga, Karagwe, au ya Isingiro, Kyerwa, hadi hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, ni safari ndefu kwa mgonjwa wa namna hiyo. Swali la huko na la huku ni moja: Je, ni kweli kwamba madaktari waweza kupandikiza chembe mpya mgongoni, mtu akatembea?

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Ndani ya mifupa ya uti hupita ugwe, yaani fungu la mishipa ya fahamu iletayo amri za ubongo. Mfupa ukivunjika huunga; ugwe ukikatika hauungi, bali hufanya kovu, na amri hukomea hapo.

Lakini mishipa ya fahamu ya kunusia hujijenga upya maisha yote, kwa msaada wa chembe ziiongozazo njia. Kwa hiyo mwaka 2012, mjini Wroclaw, Poland, madaktari walimpasua Darek Fidyka, ambaye ugwe wake ulikatwa kwa kisu mwaka 2010. Walichukua chembe hizo kichwani mwake, wakazikuza, wakazidunga juu na chini ya jeraha, na pengo la milimita 8 wakaliziba kwa vipande vya mshipa wa fahamu wa mguuni mwake. Baada ya mazoezi ya miezi mingi alitembea akishika fremu. Huko Japani, Chuo Kikuu cha Keio kilitangaza mwaka 2025 kwamba katika wagonjwa 4 waliopandikizwa chembe, 2 walipata nafuu, na mmoja wao akaweza kusimama.

Hata hivyo tusidanganyike. Wa Poland ni mmoja, na jeraha la kisu si sawa na ugwe uliopondwa kwa kuanguka. Wa Japani walipandikizwa katika majuma machache tangu kuumia. Haya ni majaribio, bado si dawa. Mwanamke mmoja wa Marekani aliyepandikizwa nyama ya pua huko Ureno aliota uvimbe wa kamasi mgongoni, akapasuliwa tena baada ya miaka 8. Basi mwanachama asiuze shamba kwa ajili ya mtu amwahidiye tiba hiyo kwa fedha.

Lililo mikononi mwetu ni hili. Mchumaji akianguka, msimwinue kwa mikono na miguu, wala msimkalishe. Watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, wamlaze juu ya ubao au mlango, wamfunge kwa kanga, apelekwe hospitali. Ugwe uliosalimika waweza kukatika kwa kubebwa vibaya. Aliyekwisha kupooza ageuzwe kila saa mbili, kwani vidonda vya kulalia na maradhi ya mkojo huua.

Kila dago na liwe na ubao tayari kabla ya msimu kuanza.