Kiswahili cha Utingo Kilichotunasua Chalbi

Miongoni mwa madai ambayo sisi walimu wa Kiswahili tumeyazoea hata hatujishughulishi tena kuyajibu, liko hili: kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi, methali na maamkizi, lakini hakijiwezi panapohusika mitambo. Dai hili hutolewa na wazazi, hutolewa na wahandisi, na la kusikitisha zaidi, hutolewa na wanafunzi wetu wenyewe wanaokaribia kuhitimu. Leo, wasomaji wapenzi, nakusudia kulijibu kwa ushahidi usiotoka maktabani. Unatoka katika matope ya jangwa la Chalbi, kaskazini mwa nchi yetu, mahali ambapo msafara wetu ulikwama mwezi wa Disemba mwaka 2011.

Tulikuwa watu 11 katika magari matano, sote waraibu wa kuendesha magari mahali ambapo njia imekatika au haijawahi kuwapo. Alikuwamo daktari wa mifugo, mhandisi wa maji, mwalimu wa jiografia, mfanyabiashara mmoja wa Nairobi aliyekulia kando ya barabara akitazama magari ya Safari Rally yakipita, na mimi, wakati huo nikiwa mwanafunzi wa uzamifu katika isimu. Wakenya wengi wanaufahamu uraibu huu kutokana na Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangia ujenzi wa uzio wa kuzunguka misitu ya Aberdare. Katika mashindano hayo, washindani hutakiwa kufika katika vituo kadha wa kadha kwa muda wa saa 10, na mshindi ni yule aliyesafiri masafa mafupi zaidi. Kukimbia hakumfai mtu kitu. La maana ni kujua pa kupita. Sisi hatukuwa washindani. Tulitaka kuona kama magari yetu, na sisi wenyewe, tungeweza kutoka Nanyuki hadi Ziwa Turkana kupitia Marsabit na Chalbi.

Leo lami imefika hadi Moyale, na kijana wa siku hizi huenda asiamini jinsi mambo yalivyokuwa. Mwaka 2011 lami ilikuwa haijafika Marsabit. Baada ya kuivuka Isiolo na Archers Post, tulijikuta juu ya barabara ya mawe na mawimbi, mfano wa ubao wa kufulia nguo, iliyolitikisa gari hata nati zikajifungua zenyewe. Tulipoingia Marsabit, gari la daktari wa mifugo lilikuwa limeinama upande mmoja. Fundi aliyetupokea alilala chini yake kwa muda, akatoka akijipangusa mikono, akatoa hukumu: "Daktari, mnyama wako amevunjika mguu wa nyuma. Springi imekatika jani la kwanza."

Tulicheka, lakini mimi niliyaandika maneno hayo katika kijitabu changu. Na kadiri fundi alivyoendelea kufanya kazi, ndivyo nilivyozidi kuandika. Kwake yeye gari "hunywa" mafuta, "hukohoa", "huchemka" na "huzima". Breki "hushika" au "hukataa". Gia "huingia", na ikichoka "huruka". Tairi "huisha upepo". Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivyo kilichokopwa. Nomino nyingi zilitoka Uingereza pamoja na gari lenyewe, lakini kazi yote ilifanywa kwa vitenzi vya Kibantu.

Nalo sanduku lake la vifaa lilikuwa kama somo zima la historia ya lugha yetu. Nyundo ni neno la Kibantu. Msumari umetoka katika Kiarabu. Parafujo tuliachiwa na Wareno. Spana na jeki ni za Kiingereza. Gari lenyewe tumelipata kutoka Bara Hindi. Na ule usukani ambao kila dereva hujigamba kuushika ni neno la mabaharia: kabla ya kuwapo magari katika Afrika Mashariki, usukani uliongoza vyombo vya baharini. Gari lilipokuja, wasemaji wa Kiswahili hawakungoja kamati iketi. Walitazama ile duara mkononi mwa dereva, wakaona inafanya kazi ile ile ya chombo kile cha nahodha, wakalipandisha neno kutoka pwani hadi bara.

Kesho yake tuliteremka kutoka Marsabit kuelekea Maikona na Kalacha. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka maelfu ya miaka iliyopita. Wakati wa kiangazi ni uwanja mweupe wa chumvi, mgumu na tambarare, na dereva hushawishika kuamini kwamba hapo hata usukani hauhitajiki. Lakini mvua za vuli zilikuwa zimenyesha. Juu lilibaki ganda jembamba lililokauka, na chini yake tope zito linalonata kama ugali usioiva. Gari la pili katika msafara lilipasua ganda hilo likazama hadi kwenye ekseli.

Hapo ndipo elimu yetu ilipojaribiwa. Tulikuwa na shahada za kutosha kuanzisha chuo kidogo. Tulifunga kamba, gari la mbele likavuta, na kila mmoja wetu akawa anatoa amri. Mhandisi alieleza jambo kwa istilahi za Kiingereza, mwenye gari akajibu kwa Kiswahili, wawili wengine wakabishana kwa lugha ya kwao. Ghafla mmoja wetu akapaza sauti kwa Kiingereza kumwambia dereva wa mbele angoje. Katika ngurumo ya injini dereva yule alisikia silabi ya mwisho tu, akadhani anaambiwa aendelee. Akakanyaga mafuta. Kamba ilikaza, ikalia, ikakatika. Kipande kimoja kilipita kwa kishindo karibu na magoti ya mwalimu wa jiografia na kubonyeza mlango wa gari lililokuwa nyuma yake. Alinusurika kwa sababu alikuwa ameinua mguu mmoja kutoa kiatu topeni. Kwa muda wa dakika kadhaa hakuna aliyesema neno kwa lugha yoyote.

Tulikwisha poteza saa nne lilipotokea lori kutoka upande wa North Horr, limejaa mbuzi, na abiria wamekaa juu ya vyuma. Dereva wake alikuwa Mmeru wa Isiolo. Miongoni mwa abiria walikuwamo Wagabra, wenye lahaja yao ya Kioromo, na Warendile, wenye lugha yao wenyewe. Utingo alikuwa kijana Mgabra ambaye nadhani hakuwa ametimiza miaka 22. Aliruka chini, akazunguka gari lililozama mara moja, akatuuliza swali moja tu: "Wazee, nani kati yenu anaongea na dereva?"

Tulitazamana. Jibu la kweli lilikuwa: sote.

"Basi kuanzia sasa ni mimi peke yangu," alisema.

Kisha kazi ikaanza. "Toeni upepo, tairi lilale." Tukaupunguza kutoka pauni 35 hadi karibu nusu yake. Tairi likalala kwelikweli, likapanuka na kuugawa uzito wa gari juu ya eneo kubwa zaidi. Akaleta mbao kutoka ubavuni mwa lori: moja chini ya jeki, isije ikajizika yenyewe, na nyingine mbele ya magurudumu. Alipofunga mnyororo wa lori, alitandika blanketi zito katikati yake. "Ukikatika, hasira zake ziishie hapa," alieleza. Akatuamuru sote tusimame mbali kuliko urefu wa mnyororo. Mwalimu wa jiografia hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Mwisho alimgeukia mwenzetu aliyekuwa ndani ya gari. "Mzee, nitazame mimi, usitazame tope. Usiguse breki." Akainua mikono yote miwili. "Nyoosha. Kuja. Kuja, kuja. Kata kulia kidogo. Nyoosha. Usiachie. Kuja, kuja, kuja... simama!" Gari lilikuwa limetoka. Kazi iliyotushinda kwa saa nne ilikwisha kabla ya nusu saa. Dereva wa lori alikataa fedha zetu. "Leo ni nyinyi, kesho ni sisi," alisema, akakubali chai.

Sasa nawaomba walimu wenzangu tulitazame neno lile "kuja". Mwanafunzi akiliandika katika insha kama amri, tutalipiga mstari mwekundu na kuandika "njoo" pembeni, na tutakuwa tumefanya haki, kwa maana hiyo ndiyo kanuni ya Kiswahili sanifu. Lakini kule Chalbi "njoo" lisingefaa. "Njoo" humwita mtu atoke alipo hadi nilipo. Likitamkwa mara moja limekwisha. "Kuja" la utingo halimwiti mtu. Linapima mwendo. Maadamu linaendelea kutamkwa, gari liendelee. Likikoma, gari likome. Likiharakishwa, mguu ukanyage zaidi. Hali kadhalika "kata" na "nyoosha": maneno mafupi, yenye sauti zisizofanana, ambayo sikio haliwezi kuyachanganya hata injini inaponguruma. Wala sidhani kwamba hayo yametokea kwa bahati. Ni kazi ya miaka mingi ya watu ambao, wasipoelewana kwa neno moja, mmoja wao hupoteza mguu.

Siku mbili baadaye tulifika Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Wazungu wawili, Teleki na von Höhnel, walipolifikia ziwa hilo mwaka 1888 walilibandika jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa kwao, nalo likaitwa hivyo hadi mwaka 1975. Kinachosahaulika ni kwamba msafara wao ulianzia Pangani, na wengi wa wapagazi wao walikuwa watu wa Pwani. Kiswahili kilikwisha kufika ufukweni mwa ziwa lile kikiwa kimebeba mizigo kichwani. Kilifika kama lugha ya kazi kabla ya kufika kama somo.

Karibu na mji huo wanaishi Waelmolo, wavuvi wachache kwa idadi, ambao zamani walikuwa na lugha yao ya jamii ya Kikushi. Wameiacha, wakachukua Kisamburu, na wataalamu waliofika huko katika karne ya 20 waliwakuta wazee wachache tu waliokuwa wakiikumbuka. Lugha haiachwi kwa siku moja. Huanza kuondolewa kazini: leo haitumiki sokoni, kesho haitumiki mashuani, keshokutwa watoto hawaoni sababu ya kuijua. Mtu atasema kwamba Kiswahili, chenye mamilioni ya wasemaji, hakiwezi kufikwa na hayo. Naam, hakitakufa. Lakini lugha yaweza kuwa hai na bado ikawa imestaafishwa, ikabaki ya harusi, mazishi na majukwaa ya siasa. Kusini mwa Loiyangalani leo imesimama mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, na barabara ya kutoka Laisamis imetengenezwa ili kuifikia. Mtoto wa mfugaji anayetamani kuwa fundi wa mitambo ile, ataisoma kazi hiyo kwa lugha gani?

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba istilahi zipo. Kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Yote ni kweli, nami nayaheshimu. Lakini istilahi iliyobuniwa mezani isipokutana na mkono wenye grisi hubaki kamusini. Nao msamiati wa mkono wenye grisi, usipokutana na kalamu ya mwalimu, hupotea pamoja na fundi aliyeutumia. Pande hizi mbili zinahitajiana, na daraja la kuzikutanisha ni shule.

Sisemi kwamba mtahiniwa aruhusiwe kuandika "kuja" badala ya "njoo". Kila lugha ina mavazi ya nyumbani na ya hadharani, na ni wajibu wetu kumfundisha mwanafunzi kuyatofautisha. Ninachosema ni kwamba mwalimu anayemfundisha kijana kuidharau lugha ya gereji anamfundisha kuidharau kazi yenyewe, na kumpokonya nusu ya Kiswahili chake.

Kwa hiyo natoa pendekezo ambalo halihitaji bajeti wala idhini ya wizara. Mwalimu, muhula ujao, wape wanafunzi wako kijitabu na kalamu. Watume kwa fundi wa magari, kwa seremala, kwa mwashi, kwa mvuvi aliye karibu. Wasiulize tu majina ya vifaa, wasikilize vitenzi. Waulize neno gani hutumika kumzuia mwenzao asiumie, na kwa nini neno hilo na si jingine. Kisha walinganishe na kamusi, waone lililomo na lisilokuwamo, na kile wasichokiona wakiandikie maelezo yao kwa Kiswahili sanifu. Hilo ndilo zoezi la isimu ambalo mimi nilifundishwa na kijana asiyekuwa na cheti, akiwa amesimama topeni hadi magotini, mikono juu, huku watu 11 waliosoma wakimsikiliza yeye peke yake.